Maji ya Kulowekea Ngozi

Watu wa kwetu hupanda mwamba kwa sababu. Mbuzi amepotea, au nyuki wamehamia katika ufa, au pimbi wametoka kuota jua na nyumbani hakuna kitoweo. Mimi nilipanda hata siku ambazo juu hapakuwa na kitu, na jambo hilo liliwasumbua majirani kuliko kama ningekuwa mlevi. Mlevi walimwelewa. Mtu anayeshuka mwambani mikono mitupu, magoti yamechubuka na uso umeridhika, huyo hawakujua wamweke fungu gani.

Nilizaliwa upande wa Mvumi, na vilima vya huko si virefu. Ni mawe makubwa yaliyosimama katika nchi tambarare, mengine ukubwa wa kijiji, laini chini na yenye nyufa juu. Mtu akitaka kuyapanda hahitaji nguvu nyingi kama wengi wanavyodhani. Anahitaji subira na miguu pekupeku. Mwili hujifunza mwamba kama unavyojifunza ngoma, kwa kurudia, na yeyote anayesoma hapa angeweza kujifunza kama nilivyojifunza mimi. Mwalimu wangu alikuwa mjomba wangu, mrina asali, aliyenifundisha kutoruka mahali ninapoweza kutambaa, na kutopanda mahali nisipojua nitashukaje. Alinifundisha pia kutofunga fundo lolote chini ya mwamba ninaotaka kuupanda, kwa kuwa anayefunga chini hujifungia njia. Hilo la mwisho hakulieleza zaidi ya hapo. Naye aliambiwa na wakubwa wake, akalishika, nikalishika.

Nilipokuwa mtu mzima nilichukua mizigo ya misafara, nikafika mbali. Kule Kolo, wenzangu wakipika, mimi nilipanda majabali nikaona michoro ya watu wembamba na wanyama iliyoachwa na watu ambao hakuna aliyeniambia ni kina nani. Niliporudi nyumbani na kuisimulia, mke wangu alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, "Wenzangu waume zao wakitoka safari wanaleta shanga. Wangu analeta habari za mawe."

Ulikuwa wakati wa Mdachi, na Mdachi alikuwa anapima nchi. Watu walisema ni kwa ajili ya reli. Mpimaji mmoja alipiga kambi upande wa kaskazini, juu ya kilima kirefu, na akahitaji mtu wa kukaa juu ya mwamba mmoja upande wa kusini, mwamba ambao hakuna hata mmoja katika watu wake aliyeweza kuupanda. Wakaniita.

Nieleze kazi yenyewe, maana si ngumu ukiielewa. Ukisimama mbali sana na kilima, huwezi kuona mtu aliye juu yake. Lakini akielekeza kioo juani, na mwanga wa kioo ukakufikia, utaona nukta inayowaka kama nyota mchana. Mpimaji huielekezea nukta hiyo chombo chake, akapata pembe anazozitaka. Basi nilipewa kioo cha ukubwa wa kiganja, miguu mitatu ya mti ya kukisimamisha, na kijiti chenye pete mbele yake. Kazi yangu ilikuwa kukigeuza kioo taratibu kadiri jua linavyokwenda, mwanga usitoke ndani ya pete. Mpimaji akimaliza, yeye naye angenimulikia mara tatu kwa kioo chake. Hapo ndipo nishuke. Mkalimani alinirudia hilo mara nyingi. Usishuke kabla. Na kioo kikivunjika, akasema, mgongo wako ndio utakaojibu.

Askari mmoja na wapagazi walinisindikiza hadi chini ya mwamba. Sehemu ya chini ilikuwa laini kama chungu kilichosuguliwa, imesimama wima, kimo cha watu watatu waliosimama mabegani mwa wenzao. Juu ya hapo palikuwa na kibao cha jawe, upana wa kitanda, na mkuyu mdogo uliojipenyeza katika ufa. Kuanzia kwenye kibao hicho njia ilikuwa ya kawaida kwa mtu kama mimi. Kwa hiyo tulikata mti mrefu ulionyooka, nikauchonga vidato vya kukanyagia, tukauegemeza.

Sasa, kwetu Ugogo mti mrefu ulionyooka ni mali. Nyumba zetu za tembe, zenye paa bapa la udongo, hubebwa na boriti, na boriti nzuri hutafutwa mbali. Kwa sababu hiyo ipo desturi: ukikata mti ukauacha porini, unaufunga fundo la nyasi. Anayepita akiona nyasi anajua mwenyewe yupo. Asipoziona, mti ni wa atakayeubeba. Mpagazi mmoja, Mgogo mwenzangu, aling'oa nyasi akataka kufunga. Nikamzuia. Tulikuwa chini ya mwamba ninaoupanda. Nilimweleza aliyoyasema mjomba, akaheshimu, akatupa nyasi. Askari, aliyekuja kwetu kutoka mbali, alituangalia tu tukibishana juu ya majani, akacheka.

Wakaondoka. Nilipanda na kioo mgongoni, kibuyu cha maji, unga, kisu, na ngozi ya ndama niliyokuwa nikilalia safarini.

Ulikuwa mwisho wa kiangazi. Watu walikuwa wanachoma mashamba, na moshi ulichanganyika na vumbi ukalala juu ya nchi. Siku ya kwanza kilima cha mpimaji sikukiona kabisa. Nilishika kazi hivyo hivyo, nikaelekeza mwanga mahali nilipokumbuka kilipo. Maji nilikunywa kwa raha, kwa kuwa nilijua nitashuka kwenye mto mkavu ulio karibu, nifukue mchanga, nijaze kibuyu, nirudi.

Asubuhi iliyofuata, nikiwa kileleni, niliona watu bondeni wakienda kwa mstari, wadogo kama siafu, wamebeba kitu kirefu mabegani. Upepo uliniletea kipande cha wimbo wao. Niliwatazama kwa furaha. Nikajisemea kwamba kuna mtu anajenga, na amebahatika kupata boriti ndefu.

Sikuwaza zaidi ya hapo. Nilimaliza kupanga kioo, nikachukua kibuyu, nikashuka mpaka kwenye kibao. Nikageuka kutafuta kichwa cha mti wangu kwa mguu, na mguu ukagusa hewa.

Nilirudi nyuma nikakaa. Kisha nikalala kifudifudi nikachungulia. Chini kulikuwa na mawe yenye ncha, na alama ya mti ulioburutwa kidogo kabla haujainuliwa. Nilipiga kelele mpaka sauti ikakwaruza. Wale watu walikwisha potea. Wachungaji hawakuwapo, msimu ule ng'ombe hupelekwa malisho ya mbali. Hakuna aliyekuwa na sababu ya kupita pale, isipokuwa anayetafuta boriti, na boriti ilikwisha patikana.

Nilipanda tena kileleni, nikaenda moja kwa moja kwenye kioo. Nilikitikisa. Nilikifunika na kukifunua kwa kiganja, haraka haraka, bila mpango, kama mtu anayepunga nguo. Moshi ulikuwa umepungua kidogo na kilima cha mpimaji kilionekana kama kivuli. Nina hakika aliniona. Lakini mimi na yeye tulikuwa na neno moja tu la mwanga, na neno hilo lilikuwa nipo. Kadiri nilivyoomba msaada ndivyo alivyozidi kujua kwamba nipo. Baadaye mkalimani aliniambia kwamba asubuhi hiyo mpimaji alifurahi, akasema yule mtu wa kusini leo amechangamka.

Nilifikiri kuacha kumulika kabisa. Angedhani nimetoroka, angetuma askari na kiboko chake, na kwa mara ya kwanza maishani nilikitamani kiboko. Lakini kutoka kambini hadi kwangu ni safari ya kutwa na zaidi, na kwanza wangengoja moshi uishe ndipo wanishuku. Nilikitikisa kibuyu. Maji yalilia chini kabisa, hayakufika hata nusu.

Wewe unayesoma umekaa pahali pazuri, na huenda umekwisha ona njia ambazo sikuziona. Ngoja nikupitishe katika zile nilizozitazama. Kuruka: mawe ya chini yangenivunja miguu, na mtu aliyevunjika miguu pale angekufa kwa kiu ile ile, ila chini badala ya juu. Kupasua nguo: kaniki yangu ilikuwa imechakaa kiasi kwamba kidole kilipita, isingebeba hata mtoto. Upande mwingine wa mwamba nilikuwa naujua, ulikuwa mrefu na laini zaidi. Iliyobaki ilikuwa ngozi ya ndama.

Ngozi moja inaweza kuwa kamba ndefu. Huikati vipande ukaunga. Unaanza ukingoni, unazunguka na kisu pande zote kama unavyomenya, ukanda mmoja usiokatika mpaka katikati. Ukiukata mwembamba unapata urefu lakini unakosa nguvu. Ukiukata mpana unapata nguvu lakini haufiki. Hilo ni la kupima kwa jicho, na jicho nilikuwa nalo. Taabu ilikuwa nyingine. Ngozi ile ilikuwa kavu kama ubao. Kisu kingeipasua mahali nisipotaka, na fundo la ngozi kavu huvunjika likivutwa. Lazima ilowekwe kwanza. Na kitu cha kulowekea kilikuwa kimoja, nacho ndicho nilichokuwa nacho cha kunywa.

Nilikaa na kibuyu mapajani kwa muda mrefu. Nilijaribu kujigawia: nusu ninywe, nusu niloweke. Lakini ngozi iliyolowa nusu ni mbaya kuliko kavu, kwa kuwa hukudanganya. Inalainika juu, ndani bado ni mti. Nikaona wazi kwamba nikiyanywa maji nitaishi vizuri mpaka kesho jioni, juu ya mwamba. Nikiyamwaga, nitakuwa na siku moja, tena si nzima, na ama nitakuwa chini ama basi.

Palikuwa na kishimo cha jawe kivulini, kama bakuli. Niliiviringa ngozi kadiri ilivyokubali nikaitia humo, nikamwaga maji yote. Nilikojolea juu yake pia, nisicheke wala nisione haya, maana kila tone lilikuwa na kazi. Kibuyu nilikilamba mdomo, nikakiweka mbali nisikione.

Kisha wakaja nyuki.

Mjomba angeniambia mapema kama ningekumbuka kumsikiliza. Mwisho wa kiangazi nyuki hawana maji, na wakipata hata kidimbwi cha kiganja wanaitana. Alikuja mmoja, wakaja kumi, kisha ngozi yangu ikawa haionekani rangi. Waliinyonya. Walikuwa wanakunywa kamba yangu mbele ya macho yangu. Nisingeweza kuwafukuza, kwa sababu nyuki aliyepondwa huacha harufu inayowaita wenzake kwa hasira, na sikuwa na mahali pa kukimbilia. Hivyo nilifanya kama mrina asali. Nilipumua kwa pua polepole, nikaingiza mikono katikati yao bila kushtua, nikawa naigeuza ngozi ilowe pande zote. Walinitembea viganjani, shingoni, kandokando ya macho. Wawili waliniuma na niliwaacha.

Jua lilipoinamia magharibi, nilikunja kona ya ngozi, ikakunjika bila kulia. Nikachomoa kisu. Nilikata hapo hapo, na nyuki wengine bado wameishikilia, upana wa vidole viwili, nikizunguka. Mahali pa shingo ngozi ni nene, nikapunguza upana. Mahali pa tumbo ni nyembamba, nikauongeza. Ulimi ulikuwa umenikauka ukaganda mdomoni, ikawa kila kisu kikiyumba nasimama, nahesabu pumzi, naendelea. Kosa moja la kisu lingenipa kamba mbili fupi.

Nilipomaliza niliuviringa ukanda shingoni. Ulikuwa mzito na baridi, na kwa sekunde chache baridi ile ilikuwa tamu kuliko chakula.

Sikungoja kesho. Ngozi iliyolowa, ikipigwa na upepo wa kiangazi usiku kucha, hukauka na kurudi nyuma, ikawa fupi kuliko ulivyoikata. Nilikifunga kioo ndani ya kaniki, nikakifunga mgongoni, nikashuka mpaka kwenye kibao nikiwa uchi kama siku niliyozaliwa. Nikazungusha ukanda kwenye shina la mkuyu, chini karibu na mizizi, nikafunga fundo, nikalikanyaga kwa mguu na kuvuta mpaka mishipa ikanitoka. Likateleza kidogo. Nikalifungua, nikalifunga upya kwa mzunguko mmoja zaidi. Mikono niliisugua vumbi, kwa kuwa ngozi mbichi huteleza kama kambare.

Nilipoachia uzito wangu wote, ukanda ulinyooka. Niliusikia ukinyooka, sauti ndogo kama mtu anayesaga meno. Niliweka nyayo kwenye mwamba, nikashuka mkono kwa mkono. Katikati nilisimama, nikatazama juu, nikaona fundo likitembea. Halikufunguka, lilikuwa linajikaza, likila ukanda kidogo kidogo. Lakini pale nilipokuwa sikuweza kujua kama linajikaza au linaniacha. Niliendelea. Hakukuwa na la kufanya isipokuwa kuendelea, na hilo, naamini, ndilo lililonisaidia.

Kamba iliisha kabla ya mawe. Ilibaki kama kimo changu na nusu. Nikaning'inia kwenye ncha yake, nikajitikisa taratibu, na ngozi ikazidi kunyooka, ikanishusha polepole kama mtu anayemteremsha mtoto kitandani. Nilipoona haishuki tena, nikachagua mahali kati ya mawe mawili, nikaachia.

Kifundo cha mguu kiliumia. Nilikaa pale nikapapasa mgongo. Kioo kilikuwa kizima.

Nilivaa, nikafuata nyayo za wale wabeba boriti, nikichechemea, mpaka nikaona tembe jipya na watu juu ya paa wakitandaza udongo. Mama mmoja mtu mzima alikuwa mlangoni. Nilimwamkia kwa Kigogo, mbukwa, na sauti iliyotoka haikuwa yangu. Hakuniuliza kitu. Aliniletea maji katika kata, akanikamata mkono nisiyagugumie, akawa ananinywesha kidogo kidogo huku akinikemea kwamba mtu mzima hajiachi akaushwe kiasi hiki.

Mwanawe, mwenye nyumba, alishuka kutoka juu ya paa akaniuliza natoka wapi.

"Juu," nikamwambia, nikaonyesha mwamba.

Alitazama mwamba, akanitazama mimi. "Hapo hapapandiki, bwana."

"Panapandika ukiwa na mti."

Kila aliyekuwa juu ya paa aliacha kazi. Nilinyanyua macho kupitia mlangoni nikaona vidato vyangu, vimetazama chini ndani ya nyumba, na boriti imekwisha kubeba fito na nusu ya udongo.

"Ulifunga nyasi?" akauliza.

"Sikufunga."

"Basi," akasema, lakini kwa sauti ndogo, kama mtu aliyeshinda kesi asiyoitaka.

Mama yake ndiye aliyemgeukia. "Nilikuambia asubuhi. Mti haujichongi vidato wenyewe. Ukasema ni wa mrina asali aliyekufa zamani. Mti mbichi, unatoa maji, mwenyewe amekufa zamani!"

Wale wa juu ya paa wakaangua kicheko, na mwenye nyumba akacheka pia, mkono usoni. Alitaka kulibomoa paa usiku ule ule anirudishie. Nilikataa. Kwa desturi boriti ilikuwa yake, na mke wake alikuwa ndani na kichanga. Nilimwambia tu kwamba lazima nirudi juu kesho, kwa kuwa mpimaji hajanimulikia.

Alidhani kiu imenipanda kichwani. "Kuna nini huko juu?"

Nilimjibu kwamba hakuna kitu. Mama mtu akasema basi nilale kwanza, maana hicho hakuna kitu hakikimbii.

Asubuhi alikata mti mwingine yeye na ndugu zake, wakaubeba mpaka mwambani, na mama akanibebesha vibuyu viwili. Tulipofika, wote walisimama wakatazama juu. Ukanda wangu ulikuwa bado unaning'inia kwenye mkuyu. Ulikuwa umekauka usiku, umejikunja na kukakamaa kama pembe, na ncha yake ilikuwa juu sana, zaidi ya mara mbili ya kimo cha mtu.

Mwenye nyumba aliitazama ile ncha, akashusha macho mpaka kwenye mawe, akayapandisha tena.

"Ulishuka kwa hicho?"

"Jana kilikuwa kirefu," nikamwambia, na nikaweka mguu kwenye kidato cha kwanza.